Iulize Ekseli Yenyewe

Ekseli ikishatolewa chini ya lori inapoteza jina lake. Muuzaji wa Ndeeba, soko la vipuri vya malori hapa Kampala, atakuambia hii ni ya Actros, ile ni ya Fuso, ile iliyoegemezwa ukutani ni ya Howo, na pengine hadanganyi, maana aliiona kwa macho yake ikitoka chini ya Actros. Ila hakuna aliyemwambia hiyo Actros iliipata wapi. Lori linalofia Uganda limeshaishi maisha mawili au matatu. Lilianza kazi Ulaya au Japani, likashushwa Mombasa, likabeba saruji ya Tororo miaka kadhaa, likauzwa, likavishwa bodi ya tipa na kupelekwa kuchota mchanga wa Lwera. Kila mmiliki alibadilisha alichoweza kwa pesa aliyokuwa nayo. Siku linapokatwa kwa gesi, difu iliyomo, yaani gia za katikati ya ekseli, huenda ni ya tatu, na kadi ya gari haitakuambia neno.

Kwa hiyo mimi jina silifuati. Nafuata namba, matundu, meno na tepu ya kupimia. Naandika haya kwa sababu tunaoongea Kiswahili kwenye biashara hii Kampala ni wengi: madereva wa masafa marefu, mafundi waliotoka Busia na Malaba, Wasomali wa Kisenyi wenye malori yao. Tunaulizana mambo haya kwa simu kila wiki, na jibu la simu huwa fupi mno.

Kazi inaanzia nyumbani, chini ya lori lako mwenyewe. Pima kutoka katikati ya springi ya kushoto hadi katikati ya springi ya kulia. Pima upana kutoka uso wa habu moja, kitovu kinachoshika gurudumu, hadi uso wa habu ya pili, unene wa hausingi, gamba la nje la ekseli, pale yu-boliti za kushikia springi zinapokaa, na nafasi kati ya yu-boliti zenyewe. Hesabu boliti za flanji ya propela, shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye gia boksi, kisha utazame uso wa flanji hiyo: malori mengi ya Ulaya ya siku hizi yana flanji yenye meno ya msalaba, na hiyo haifungwi na flanji tambarare hata boliti zikilingana. Hesabu boliti za hafushafti, zile shafti mbili zinazotoka kwenye difu hadi kwenye habu. Andika saizi ya tairi. Piga picha huku tepu ikionekana, kwa sababu picha isiyo na kipimo, ukifika sokoni, ni pambo tu. Wengi wanaokwenda Ndeeba na maneno "nataka ekseli ya nyuma ya tipa" hurudi na chuma kizuri ambacho hakikai chini ya gari lao.

Sasa uko mbele ya ekseli yenyewe, imelala kwenye tope jeusi la oili. Omba dizeli kidogo, brashi ya waya na kitambaa. Unatafuta vitu viwili: bamba dogo la chuma, mara nyingi kwenye difu au ubavuni mwa hausingi, na namba zilizo kwenye chuma chenyewe. Bamba mara nyingi limeng'oka. Namba zipo, ila ni za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapotea. Namba zilizoinuka zilitoka kwenye kalibu, siku chuma kilipomiminwa. Zinakuambia hausingi hiyo ni ya familia gani, lakini kalibu moja hutoa hausingi za ekseli nyingi zenye gia tofauti ndani. Namba zilizozama zilipigwa kwa nyundo au mashine baadaye, ekseli ilipounganishwa. Hizo ndizo zenye habari. Zikiwa hazisomeki, paka chaki kisha ufute juu juu, chaki itabaki ndani ya tarakimu. Muuzaji akikusomea namba iliyoinuka kwa simu, mshukuru, halafu muombe ile iliyozama.

Ukiipata, baadhi ya viwanda huongea wazi. Mercedes-Benz huandika HL kwa ekseli ya nyuma ya lori, HD kwa ile ya nyuma inayopitisha nguvu kwenda kwa mwenzake, na VL kwa ya mbele. Namba ya mwisho baada ya kistari kwa kawaida ni tani, kwa hiyo inayoishia na 13 ilitengenezwa kubeba tani 13. MAN wana HY kwa difu ya kawaida ya katikati na HP kwa zile zenye gia za sayari ndani ya habu. Kwenye chuma cha Kimarekani utaona kitu kama RT-40-145: R ni nyuma, T ni ekseli mbili zinazofuatana, 40 ni pauni 40,000 kwa zote mbili pamoja, yaani kama tani 18. Ikiwa RS-23-160, hiyo ni ekseli moja ya pauni 23,000, tani 10 na kidogo.

Hapo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: aliyetengeneza lori mara nyingi siye aliyetengeneza ekseli. Kitengo cha ekseli cha Rockwell, kampuni ya Kimarekani, kilijitenga na kuitwa Meritor mwaka 1997, na mwaka 2022 Meritor ikanunuliwa na Cummins. Eaton waliuza biashara yao ya ekseli kwa Dana mwaka 1998. Ukiona bamba la Rockwell kwenye ekseli moja na la Meritor kwenye nyingine, usiseme ni ukoo tofauti kabla hujalinganisha namba. Sinotruk, wanaotengeneza Howo, walichukua ufundi wa Steyr ya Austria miaka ya 1980, ndiyo maana mzee aliyewahi kufungua Steyr hashangai akifungua Howo. Hata Tata za zamani zina damu ya Ujerumani: kampuni hiyo ilianza kuunda malori na Daimler-Benz mwaka 1954. Ukoo unasaidia kujua uulize wapi. Haukupi ruhusa ya kufunga kitu bila kukipima.

Kwenye trela hali ni nyepesi zaidi. Ekseli za BPW, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1898, huwa na bamba na namba zilizopigwa kwenye boriti yenyewe, na zile za Fuwa kutoka China ni nyingi mno hivi kwamba vipuri vyake havikusumbui. Hapa beringi ndiyo shahidi mzuri. Vua kifuniko cha habu, safisha grisi, soma namba. Katika beringi za kawaida za milimita, zidisha tarakimu mbili za mwisho mara 5 na utapata kipenyo cha shimo lake: 33118 ni milimita 90, 33213 ni milimita 65. Hizo mbili utazikuta sana kwenye ekseli za trela za mtindo wa Kijerumani. Zile zinazoanza na herufi kama HM ni za inchi na hesabu hiyo haizihusu. Hata muuzaji akiapa kwa Mungu, beringi ikishataja kipenyo, ubishi umekwisha.

Halafu matundu ya ringi. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Ekseli nzito za Ulaya na za China zina stadi 10, yaani boliti za kushikia ringi, kwenye duara la milimita 335, na shingo ya habu ni kama milimita 281. Za Kimarekani nazo zina 10, lakini duara lake ni milimita 285.75. Fuso, Isuzu na Hino kubwa za mtindo wa zamani wa Kijapani zina 8 kwenye milimita 285. Canter na wenzake wa stadi 6 wana milimita 222.25. Kupima ni rahisi matundu yakiwa ya shufwa: weka tepu katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayoitazama upande wa pili. Kwenye zile za Kijapani za zamani, kumbuka stadi za upande wa kushoto zina uzi wa kushoto. Nimeona vijana wenye nguvu wakining'inia kwenye spana ya bomba refu mpaka stadi ikatike, kumbe walikuwa wanaikaza. Vilevile nati zao hukaa kwenye tundu la ringi kwa uso wa duara, wakati zile za milimita 335 za siku hizi zina washa tambarare na ringi hushikwa na shingo ya habu. Ukichanganya nati na ringi za mitindo hiyo miwili, gurudumu litakutangulia njiani.

Sasa tuje kwenye uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, jambo linalounguza pesa kuliko yote. Ekseli mbili zinaweza kufanana kuanzia rangi hadi boliti ya mwisho, moja ikawa ya barabara kuu na nyingine ya machimbo. Tuchukue tairi ya 315/80R22.5, ambayo ikizunguka mara moja husogea karibu mita 3.28. Injini iko kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, gia ya juu ni moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini. Uwiano ukiwa 3.7 unakwenda kama kilomita 80 kwa saa. Ukiwa 4.8 unapata 62 hivi. Ukiwa 5.73 unapata 52. Injini ileile, dereva yuleyule, mguu uleule. Mwenye trela ya Malaba hadi Kampala akifungiwa 5.73 atalia dizeli kila siku. Mwenye tipa ya kupanda Kapchorwa na mzigo akifungiwa 3.7 atakula klachi.

Kama difu imefunguliwa, hesabu meno. Meno ya kraunwili, lile gurudumu kubwa, gawanya kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayolizungusha: 41 kwa 7 ni 5.86, 37 kwa 9 ni 4.11. Mara nyingi namba hizo zimepigwa usoni pa kraunwili na kwenye kichwa cha pinioni, pamoja na namba ya jozi. Namba ya jozi lazima ifanane pande zote mbili, kwa sababu meno hayo yalisagishwa pamoja kiwandani. Kraunwili nzuri ya huku na pinioni nzuri ya kule, hata zikiwa na meno sawa, zitapiga kelele tangu siku ya kwanza na kulana kabla ya mwaka kwisha. Wauzaji wanaojua hilo hawakuonyeshi nyuso zote mbili kwa wakati mmoja. Omba uone.

Kama difu haijafunguliwa, muuzaji hatakubali uifungue, na wala huhitaji. Inua ekseli kwenye magogo habu zote ziwe huru, hafushafti zikiwa ndani na difu haijafungwa loki. Mtu mmoja aishike habu ya kulia isicheze. Chora alama ya chaki kwenye habu ya kushoto na nyingine kwenye flanji ya propela. Zungusha habu ya kushoto mara 20 kamili na uhesabu flanji imezunguka mara ngapi, kisha gawanya kwa 10. Flanji ikizunguka mara 48, una 4.8. Ikizunguka mara 57 na theluthi, una 5.73. Inakuwa 20 badala ya 10 kwa sababu upande mmoja umeshikwa, na difu inagawa mizunguko: habu iliyo huru inakwenda mara mbili. Nimewahi kusikia fundi akizungusha habu mara moja tu, akapata nusu, akatangaza kwamba ameokota difu ya 2.4. Watu wakamsogelea kuinunua.

Njia hiyo inakupa jibu kamili hata kwenye ekseli zenye gia ndani ya habu, na hizo utazitambua bila kusoma chochote. Mwisho wa habu badala ya flanji ndogo ya hafushafti una kifuniko kikubwa kama sufuria, chenye plagi yake ya oili, na tumbo la difu katikati ni dogo. Nguvu inapunguzwa mara mbili: kidogo katikati, halafu nyingi kwenye habu. Ukitaka kupiga hesabu kwa meno, chukua meno ya gia ya nje ya habu, ile ya umbo la pete, gawanya kwa meno ya gia ya katikati, ongeza 1, kisha zidisha kwa uwiano wa difu. Tuseme ya nje ina 60 na ya katikati ina 24: unapata 3.5, difu ikiwa 1.4, jumla ni 4.9. Watu wa machimbo wanazipenda kwa sababu hafushafti haibebi mzigo mkubwa na tumbo haligongi mawe. Kwa safari ndefu za lami sizishauri sana, zina gia nyingi za kupasha oili moto, na kwenye nyingi habu kila moja hushika oili yake. Anayekagua oili ya katikati peke yake amekagua theluthi ya ekseli.

Mambo yanakuwa magumu zaidi kwenye lori la ekseli mbili za nyuma. Ya kwanza hupokea nguvu, hubakiza nusu na kupitisha nusu nyuma, kwa hiyo ina shafti inayotokea upande wa pili na ina difu ya ziada ya kugawana kati ya ekseli. Ya nyuma ni ya kawaida. Katika miundo mingi nguvu kwenye ile ya kwanza hushuka kwa jozi ya gia, pinioni yake inazunguka kinyume, na kraunwili huwekwa upande wa pili. Kwa hiyo vya ndani ya ya kwanza haviingii ndani ya ya pili, na ukijaribu kulazimisha kraunwili ikae upande usio wake, ekseli hiyo itazungusha magurudumu kinyume kwa gia zote za mbele. Na uwiano lazima uwe mmoja. Ukifunga 4.8 mbele na 5.73 nyuma, difu ya kugawana itazunguka kutwa nzima hata kwenye barabara iliyonyooka, kazi ambayo ilitengenezwa kuifanya kwa sekunde chache kwenye kona. Siku dereva akikwama kwenye matope na kufunga loki, kitu kitavunjika.

Ekseli ya mbele ina mtego wake wa eneo letu. Uganda, Kenya na Tanzania usukani uko kulia. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini uko kushoto. Malori ya pande zote hupita na mengine huharibikia hapa hapa, na ya Ulaya bara nayo huja na usukani wa kushoto. Kwenye ekseli ya mbele ya kawaida, mkono unaosukumwa na boksi ya usukani umefungwa upande wa dereva. Boriti ikifaa lakini imetoka kwenye lori la usukani wa upande mwingine, omba mkono na kifundo cha upande wa pili kabla hujalipa, vinginevyo umenunua nusu. Boriti iliyopinda na kunyooshwa kwa gesi mimi siichukui hata kwa bure. Utaijua kwa rangi ya buluu iliyobaki chini ya kutu na kwa alama za moto karibu na kingpini, pini ambazo magurudumu hugeukia.

Breki, kwa kifupi: angalia kama ekseli inatumia upepo mtupu, wenye chemba za upepo na shafti ya ncha yenye umbo la S, au mafuta yanayosukumwa na upepo kama Isuzu na Fuso nyingi za kati. Kubadili kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kazi ya lori zima. Namba ya chemba, 20, 24 au 30, ni inchi za mraba za mpira wa ndani, na pande zote mbili za ekseli moja ziwe sawa.

Hali ya ndani inajulikana bila kufungua. Chomoa plagi ya chini: oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, sumaku yenye unga laini ni uzee wa kawaida, sumaku yenye vipande ni difu iliyovunjika jino. Shika flanji uicheze huku na huku. Inayopanda na kushuka beringi ya pinioni imekwisha. Vuta uzi kutoka mwisho mmoja wa hausingi hadi mwingine uone kama imepinda, kisha utazame mizizi ya vikalio vya springi kama kuna nyufa zilizofunikwa kwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye chuma cha zamani haijawahi kunifurahisha.

Mtu mmoja hubishana nami kila tunapokutana kwamba ekseli ya tani 13 itamruhusu apakie zaidi. Hairuhusu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaipa ekseli moja ya tairi nne tani 10, mbili zinazofuatana tani 18, tatu tani 24, na jumla ya gari isizidi tani 56. Mizani ya Busitema haisomi bamba lako. Chuma kizito kinakupa uhai mrefu wa beringi na hausingi, na hilo linatosha kukilipia.

Mkikubaliana bei, usiondoke kwenda kutafuta Canter ya kubebea kabla hujaweka alama. Piga nukta tatu kwa panchi mahali unapopajua, upige picha, maana ekseli inayofanana na yako inaweza kuchukua nafasi yake ukirudi jioni. Risiti iandikwe ile namba iliyozama, siyo "ekseli ya Benz moja", kwa sababu ukisimamishwa Busega usiku na chuma cha mamilioni ndani ya bodi, askari atataka kuona karatasi inayolingana na kitu. Na hafushafti zote mbili zipande gari siku hiyohiyo pamoja na nati zake. Hajji muuzaji atasema "ziache tu, utazikuta kesho." Kesho utazikuta chini ya lori la mtu mwingine.